Simu ya Mkalimani

Pale mtaani kwetu Mlandege kila mtu alimwita Mkalimani, watoto kwa wakubwa, hata padri wake. Jina alilobatizwa alikuwa nalo, ila halikutumika na sina haja ya kulitoa sasa. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Baraza yangu na chumba chake vilitenganishwa na ukuta wa tofali mbichi, mwembamba, kiasi kwamba akipiga chafya namwambia "afya" bila kunyanyua kichwa kwenye sindano. Tuliishi hivyo miaka mingi. Urafiki hatukuwa nao. Nilikuwa jirani yake tu, na jirani husikia mengi bila kuambiwa.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri mahakamani, Kihehe kwenda Kiswahili na Kiswahili kwenda Kihehe, na zamani za wakoloni alitafsiri mpaka Kiingereza. Nilipomfahamu mimi alikuwa amekwisha kustaafu, lakini watu wazima wa Iringa walikuwa bado wanamsimulia. Kisa ni kwamba hakutafsiri kama wengine. Mshtakiwa akisema kwa lugha yake kwamba ameiba ng'ombe, Mkalimani hakusema "anasema ameiba." Alisimama wima akasema "niliiba." Mtu akiomba huruma, yeye ndiye aliyeomba: "Mheshimiwa, nimekosa, nina watoto wadogo, nisamehe." Na aliomba hasa, mpaka kina mama waliokaa nyuma wanajifuta macho kwa vitenge. Kuna muuza nyanya mmoja pale sokoni aliyekataa kumuuzia kwa muda mrefu. Alikuwa amehudhuria kesi ya ndugu yake, akamsikia Mkalimani kwa masikio yake akikiri kwamba alimpiga mke wake kwa mwiko. Kumweleza yule mama kwamba ile ilikuwa kazi, ilishindikana. Mke wa Mkalimani alikuwa ameshafariki, na waliomjua wanasema mumewe hakuwahi hata kumfokea.

Sasa mtu huyohuyo, akitoka mahakamani, neno "mimi" alikuwa hanalo. Nililigundua hilo taratibu. Dukani alisema, "Kuna mtu anahitaji sukari." Akiumwa alisema, "Mguu unauma," kana kwamba mguu ni wa jirani. Siku moja ameleta suruali kwangu, akaiweka mezani na kutangaza, "Suruali hii inaomba kupunguzwa kiunoni."

"Iambie ipange foleni," nikamjibu.

Hakucheka. Kesho yake aliniletea fungu la mboga ya mnafu, akaliweka palepale mezani, akaondoka bila kusema ni la nini. Huyo ndiye alikuwa yeye. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, hakuonja hata tone, lakini msimu wake ukifika alinunua kibuyu akawaita wazee wenzake, akakaa nao mchana kutwa ameshika kikombe kitupu. Alipenda watu wakae kwake, ila wakae bila kumuuliza maswali.

Alikuwa na kero yake pia. Alisahihisha Kiswahili cha kila mtu, na sisi wa huku Kiswahili tumejifunza kando ya lugha za mama zetu, kwa hiyo hakupumzika. "Si 'nakujaga', Fundi," ataniambia. "Ni 'huwa naja'." Nami nikamuuliza, "Sasa Mzee, umenielewaga au hukunielewaga?" Akageuza shingo kutazama barabara. Mchana ule hatukusemeshana tena, na sikujuta.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume. Kijana alisoma vizuri, akapata kazi kwenye reli mpya, akapelekwa Mbeya. Baba yake alikuwa amekwisha kuzungumza na rafiki yake wa Kalenga kuhusu binti wa huyo rafiki. Wazee walishapeana neno. Kijana akaandika kwamba amepata mchumba hukohuko Mbeya, binti wa Kinyakyusa kutoka milima ya Rungwe, na kwamba baba asimtaabishe mtu wa Kalenga. Kwa Mkalimani ile ilikuwa aibu ya kumla usoni. Alikuwa ametoa neno, na katika maisha yake neno ndilo lilikuwa kazi yake. Akasema hatakwenda harusini. Ndugu walimbembeleza, wakachoka, wakapanda basi wenyewe. Siku ya harusi niliona amevaa koti lake la kanisani tangu asubuhi, amekaa barazani. Mabasi ya Mbeya yakapita. Jua lilipoanza kushuka akaingia ndani akalivua.

Baada ya hapo baba na mwana hawakusemezana. Ikapita kama mwaka na zaidi. Kisha mdogo wake Mkalimani, yaani baba mdogo wa kijana, akatoka kutembea Mbeya akapitia Mlandege. Katika maongezi akataja kwamba kijana kapewa nyumba ya kazi yenye simu ndani, kwa sababu wakubwa wake humwita muda wowote kwenda porini kwenye njia ya reli. Akaitaja na namba, taratibu, mara mbili, halafu akageuza maneno wakaanza kuzungumza habari za mbolea.

Haukupita muda mrefu mafundi wakaja kusimika nguzo mtaani. Mkalimani alikuwa amekwenda ofisi ya simu na kutia saini mkataba wa kukodi. Sijui alizungumza na mkubwa gani, maana maofisa wazima walikuwa wanasubiri laini na hawapati. Simu yenyewe ilikuwa nyeusi na nzito. Akaiweka juu ya stuli, akaifunika kitambaa cha kufuma. Kwa watu alisema ni ya dharura. Na kweli, tuliitumia wote, kwa msiba, kwa kuita gari la wagonjwa, hakumnyima mtu.

Lakini mimi niliyekuwa nyuma ya ukuta nilijua dharura yenyewe ni ipi. Siku za mwanzo tu nilimsikia akimwomba opareta ampe Mbeya. Siku hizo simu ya mbali hupigi mwenyewe. Unamwambia opareta, unakaa unasubiri, anakuunganisha, na muda ukiisha anaingia kukuuliza kama unaongeza. Nikamsikia anakohoa kusafisha koo. "Haloo. Haloo, Mbeya. Hapa ni Iringa. Haloo." Kimya. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Kimya. Mwishowe akaweka mkono wa simu chini, akagonga ukuta.

"Fundi, chombo hiki ni kibovu."

Ndipo ikaanza vita yake na ofisi ya simu. Alikwenda mara nyingi, amefunga tai, ameshika mkataba ambao tayari alikuwa ameukariri wote. Fundi wa simu akaja, akafungua, akapima, akafunga, akasema simu ni nzima. Mkalimani akapiga tena Mbeya, kimya. Akarudi ofisini. Safari moja akanichukua mimi niwe shahidi, kwa kuwa mimi nasikia kila kitu ukutani. Niliacha gauni la mtu nusu, nikaenda, kwa udadisi tu.

Karani alikuwa dada kijana, mpole. Mkalimani akasimama mbele ya meza yake, mikono nyuma.

"Mlalamikaji anasema chombo alichokodishwa kina kasoro," alisema.

Dada akachungulia nyuma yake. "Huyo mlalamikaji yuko wapi?"

"Ni huyuhuyu," nikasema, nikimwonyesha.

"Mkataba unasema ofisi itakiweka chombo katika hali njema," Mkalimani akaendelea, hakunitazama. "Mlalamikaji amelipa kila mwezi. Anaomba chombo kingine."

"Mzee wangu, fundi kaja kwako zaidi ya mara moja. Ukipiga hospitali, unasikika?"

"Anasikika."

"Ukipiga Dodoma?"

"Anasikika."

"Sasa ubovu uko wapi?"

"Chombo hufa anapoanza kusema na Mbeya."

Dada akainua simu yake mwenyewe, akamuuliza opareta. Walizungumza kidogo. Nilimwona uso unabadilika, akaweka simu chini polepole, akaanza kupanga makaratasi ambayo yalikuwa yamepangika.

"Opareta anasema laini ya Mbeya ni safi," alisema. "Anapokea mwanamke. Anaitika haloo vizuri kabisa. Opareta akimwambia kuna simu ya baba kutoka Iringa, ndipo hasemi tena."

Pale ofisini nilimwelewa Mkalimani kwa mara ya kwanza, na nilimhurumia, nasema kweli. Alikuwa anapigania simu iwe mbovu. Kama ubovu uko kwenye waya, basi fundi ataukuta na mambo yatatengemaa. Kama simu ni nzima, maana yake yule mwanamke wa Mbeya, mkwe ambaye yeye alikataa kumwona akiolewa, anamsikia na hataki kumjibu. Na mwanamke asipotaka, ile nyumba imefungwa, na mtoto wake wa pekee yuko ndani.

"Iandikwe kwamba laini ni mbovu," Mkalimani alimwambia karani, kwa sauti ndogo.

Walimbadilishia chombo ili wapate amani. Kipya kilikuwa cheusi kama cha kwanza, na Mbeya ilikuwa kimya vilevile.

Kuna siku kijana mwenyewe alipiga kutoka kazini. Nilisikia kengele, nikamsikia mzee anakimbilia, stuli ikayumba. Nikaacha kukanyaga cherehani. Wakasalimiana. Halafu, Mungu anisamehe, Mkalimani akatumia muda wote kulalamikia simu. Kwamba chombo kibovu, kwamba kimebadilishwa, kwamba karani hajui kazi. Hakuuliza habari za mke. Hakutaja harusi. Kijana inaelekea alijibu awaambie walete kingine, maana nilimsikia mzee anasema, "Wamekwisha kuleta." Kisha kwaheri. Nilitamani kuubomoa ule ukuta nimshike mabega nimtikise.

Baba mdogo alipopita tena alituletea ujumbe wa kijana, akausema mbele yangu: "Anasema yuko tayari kuja na familia yake. Baba aseme neno moja tu kuhusu siku ile. Aseme mwenyewe, asitume mtu." Mkalimani akamuuliza kama mbolea imefika Mbeya.

Baadaye akatangaza kwamba wiki itakayofuata atavunja mkataba na kuirudisha simu. Alisema hivyo kwa utulivu, amesimama mlangoni kwangu. "Chombo kisichosema hakina faida nyumbani." Nilijua simu ile ikitoka, kijana ametoka nayo.

Wiki hiyohiyo alikuja kwangu mteja, mke wa askari polisi, kushonewa gauni. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mwenye maneno na kicheko. Nimemsimamisha nampima kiuno, upande wa pili mzee akaanza, labda kwa mara ya mwisho: "Haloo, Mbeya. Haloo. Iringa inasikika?"

"Anaongea na nani?" mteja akauliza.

"Na mke wa mwanawe. Hajibiwi. Anadai simu mbovu."

"Mke wa mwanawe ni mtu wa wapi?"

"Wa kwenu, Rungwe."

Mteja akashika mkono wangu wenye futi. "Sasa wewe ulitaka amjibu vipi? Huyo si baba mkwe wake? Kwetu mke hasemi na baba mkwe. Hata kumtazama hamtazami. Mimi wa kwangu akija njia hii, naingia migombani nakaa humo mpaka apite."

"Lakini hii ni simu," nikasema. "Hamwoni."

"Sauti si yake?"

"Basi si angekata, mzee ajue moja."

"Aka! Amkatie baba mkwe simu usoni? Hayo ni matusi makubwa. Kujibu hawezi, kukata hawezi. Atashika tu hivyohivyo asikilize mpaka mzee amalize. Huyo amelelewa, Fundi. Siku hizi wasichana wa mjini wengi wameshaacha." Akanyanyua mikono tena nimpime. "Na mumewe kashazoea desturi zetu, wala hatawaza kwamba mzee hajui."

Nilimaliza vipimo, nikamsindikiza, nikaenda moja kwa moja upande wa pili. Mkalimani alikuwa amekaa kando ya stuli. Nikamweleza yote kama nilivyoambiwa. Alinisikiliza kwa namna ambayo nadhani aliwasikiliza mashahidi, kichwa kimeinama kidogo, hakukatiza. Nilipofika mwisho akataka kuhakikisha.

"Kukata ni matusi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na kujibu ni kuvunja heshima?"

"Ndiyo."

"Heshima ya nani?"

"Yako, Mzee. Wewe si ndiye baba mkwe?"

Akanyoosha kitambaa cha simu. "Baba mkwe ambaye hakwenda," alisema.

"Huyo binti naona hakuuliza kama ulikwenda."

Alilia. Mtu mzima yule, bila sauti, mikono juu ya magoti. Mimi si hodari wa kubembeleza, nikarudi kwenye cherehani yangu. Simu haikurudishwa. Siku nyingi baadaye tulikutana na yule karani njiani, akamuuliza kama chombo chake kimepona. Mkalimani akavua kofia. "Kimepata nafuu," akasema, akaendelea na safari.

Kuanzia hapo alikuwa akipiga Mbeya na kuzungumza. Opareta wapya walishangaa, wakaingilia kati kumwambia upande wa pili hakuna mtu, naye akawaambia wasikate, yupo. Mtaani watu walinong'ona kwamba mzee anaanza kupotea. Mimi nilisikia alichokuwa anasema. "Mahindi yamepaliliwa. Baridi mwaka huu ni kali. Mguu unauma upande wa goti." Na muda si mrefu kondakta wa basi angeshusha kifurushi kutoka Mbeya, dawa ya kuchua imefungwa ndani ya majani ya mgomba pamoja na ndizi, bila barua. Alikula ndizi zile peke yake. Ubahili huo hakuwa nao kwa kitu kingine.

Mke wa askari alikuwa ameniambia kwamba baba mkwe akipenda anaweza kumruhusu mkwe aseme, mambo yakaisha. Nilimpelekea Mkalimani wazo hilo. Alinitazama kama nimekosea sarufi.

"Kuna mtu alimnyima mkwe wake heshima," alisema. "Mkwe akampa yeye heshima yote. Sasa amnyang'anye na hiyo?"

Vizuri, lakini neno moja alilotaka kijana lilikuwa bado halijasemwa. Dawa ilikuja, ndizi zilikuja, mtoto akazaliwa Mbeya na habari zikafika kwa baba mdogo. Kijana mwenyewe hakuja. Alikuwa na kichwa cha baba yake.

Mimi nilihama Iringa nikaenda kushonea Mbeya, Mwanjelwa, wateja wengi kule. Nilirudi mara moja tu kuwaona watu wangu, miaka ile ya mwisho wa sabini, sukari ikiwa ya kutafuta. Nikampitia. Alikuwa amepungua, mguu umevimba, anatembea kwa kushika ukuta. Tulikunywa chai ya chumvi. Aliniuliza habari za Mbeya, kama kuna baridi, kama watu wa reli wanaonekana mjini. Nikamwambia wanaonekana. Kisha akaniomba nimsogezee stuli ya simu, kwa sababu kuinama hawezi.

Akamwomba opareta Mbeya. Tukasubiri. Nilitaka kutoka nimwache, akanionyesha kwa mkono nikae. Chombo kile kilikuwa na sauti kubwa, nami nilikuwa karibu, kwa hiyo nilimsikia mwanamke akisema "Haloo," opareta akamtajia Iringa, halafu kukawa kimya. Nilitegemea kusikia habari za mahindi.

"Mwanangu," alisema Mkalimani. "Mimi sikuja kwenye harusi yenu. Sikuwa mgonjwa, nilikataa tu, kwa kiburi. Mimi nimekosa. Nisamehe wewe, na mwambie mwenzio anisamehe. Mwambie nimesema mwenyewe."

Kule Mbeya hakuna aliyesema. Nikasikia kitu kinawekwa mezani, nyayo zinakwenda, mlango, nyayo zinarudi. Nikadhani amekwenda kumwita mume. Halafu ikaja pumzi ya karibu sana, ya mtu aliyebandikwa simu mdomoni, na sauti ya mtoto mdogo.

"Kamwene, babu."

Ni salamu yetu, ya Kihehe. Mbeya nzima kulikuwa na mtu mmoja tu, baba yake, wa kumfundisha mtoto yule aisalimie simu ya Iringa hivyo, na haikufundishwa asubuhi ile.

Mkalimani akashika simu kwa mikono miwili. Opareta akaingia katikati na sauti yake ya kazini. "Iringa, muda wenu umekwisha. Nikate?"

"Usikate, mama," alisema. "Niongezee. Bado sijaitikia."